Ukuta wa Maman Lydie Unalia

Maman Lydie wa mtaa wa Kadutu alikuwa na ukuta wa mbele wa mbao za mwerezi, nyekundu, zenye harufu nzuri, na ukuta huo ulikuwa unalia. Kila mvua iliponyesha, chini ya kila msumari ulishuka mstari mweusi, kama wanja wa bibi harusi aliyeachwa kanisani.

Mwenyewe alikwisha kuzoea. Shida ni Christine, shangazi wa binti ambaye Fabien, mtoto wa Lydie, alitaka kumuoa. Christine alipita pale siku ya mvua, akatazama, akarudi kwao Katana na kutuma neno: "Mutoto wetu hawezi kuingia mu nyumba yenye kulia. Nitarudi dimanche, kisha misa, kuangalia tena."

Lydie akamwita Bisimwa, fundi aliyeupigilia ukuta ule.

"Papa Bisimwa, nyumba yangu inalia nini?"

"Mwerezi iko na maji yake, maman. Ikikutana na chuma tupu na mvua, inakuwa wino."

"Ulijua?"

"Nilijua nyuma, kisha kupigilia."

Akapendekeza misumari ya mabati, ile yenye kofia pana, kwa kuwa imepakwa zinki. Lydie akamuuliza kama anataka nyumba ipone kilio ipate surua.

Ulitakiwa msumari mwembamba, wenye zinki, wa sentimita saba, upite ubao na kushika nguzo bila kupasua kitu. Walizunguka soko zima. Wauzaji waliwaonyesha misumari myeusi na kuapa kwamba ni myeupe. Aliyekuwa nayo ni mmoja tu, Nasoro, muuza masanduku ya wafu. Nasoro ni Mwislamu, kwao wanazika kwa sanda, kwa hiyo katika ukoo wake hajawahi kupata mteja.

"Wateja yangu hawapendi kutu," alisema.

"Walikuambia?" Bisimwa akauliza.

"Tangu nianze, hakuna hata mumoja alirudi kulalamika."

Njiani Bisimwa akanong'ona, "Maman, tuseme hii misumari ilitoka Bujumbura, si kwa masanduku."

"Wewe pigilia tu."

Aling'oa misumari yote, akapiga mbao randa mpaka weusi ukatoka, akapigilia upya. Ijumaa mvua ilinyesha. Jumamosi pia.

Jumapili baada ya misa, Christine alifika. Hakusalimia sana. Alipitisha kidole chini ya msumari, akakitazama. Akaenda kwa msumari mwingine. Safi.

"Hii misumari mulitoa wapi?"

Bisimwa akaanza kukagua paa. Lydie angeweza kutaja mji wowote wenye bandari. Lakini huyu alikuja kutazama kama nyumba ina siri, na Kadutu hakuna siri inayomaliza wiki.

"Kwa Nasoro, mama. Mutu wa masanduku ya wafu."

Christine akaugeukia tena ukuta.

"Yule Nasoro wa hapa? Sanduku ya bwana yangu ilitoka kwake. Tuliibeba mpaka Katana, mvua juu yake siku muzima. Hata alama moja haikutoa."

Akavuta kiti, akavua viatu.

"Bon. Ng'ombe za mahari mutatuletea lini?"