Vipimo vya Babu

Kwa heshima zote na taadhima, naandika habari hii nikiwa na akili timamu, jambo ambalo matroni wetu wa bweni amewahi kulitilia shaka kwa maandishi. Muhula uliopita nilibandika tangazo kwamba mwalimu mkuu angekagua masikio ya wanafunzi wote kabla ya chakula cha mchana. Wasichana mia nne walinawa masikio hadi tangi la maji likakauka. Ndiyo maana likizo hii mama alinileta gereji kwa kaka yake, "akakusaidie," alisema, kwa sauti ya mtu anayemkabidhi mbuzi mtoro kwa mwenye kamba fupi.

Gereji ya Mjomba hutengeneza gari la aina moja tu: lile dogo lililoinuka kidogo, ambalo si la mjini kamili wala si la porini kamili, kama mtu aliyealikwa na pande zote mbili za harusi asijue akae wapi. Gari hilo limetoka vizazi vinne, na kila kizazi gereji imekipa jina la ukoo. Cha kwanza ni Babu: mfupi, wa pembe-pembe, injini ya lita mbili inayoendeshwa na mkanda ambao usipobadilishwa kwa wakati hukatika bila kuaga. Cha pili ni Baba, aliyeachana na mkanda akafunga mnyororo. Cha tatu ni Kaka, mrefu na mpana, gurudumu la akiba mgongoni, mlango wa nyuma unafunguka kando kama wa kabati. Cha nne ni Mtoto. Huyo huwaka kwa kubonyezwa kitufe, mlango wake wa nyuma hupaa juu, na gurudumu la akiba amelificha chini ya zulia kama mtoto wa siku hizi anavyoficha ripoti ya shule.

Basi pale ni kawaida kumsikia mtu mzima akisema, "Baba anavuja," na mwenzake akajibu bila kuinua kichwa, "Mwekee beseni."

Mbali na Babu huyo wa chuma, ninaye babu wa nyama na mifupa, baba yao Mjomba na mama. Ana miaka themanini na moja. Gereji aliianzisha yeye. Spana alishaziweka chini, lakini futi ya chuma hajaiweka, wala Kitabu cha Vipimo, daftari nene lenye jalada la turubai ambamo amepima kila kizazi kwa mkono wake. Vitabu vya kiwandani haviamini. "Karatasi haijawahi kulala chini ya gari," husema.

Wiki ya kwanza nilimpigia Mjomba simu nikamwambia Kaka ametoroka na jeki. Mjomba alikimbia kutoka sokoni akiwa na kiatu kimoja kimefungwa. Mafundi walicheka, Babu akacheka zaidi, kisha akanihukumu: ninakili Kitabu cha Vipimo chote, kurasa mia moja na sita, kwa mwandiko unaosomeka.

"Mkono unaowasha hupewa kalamu," alisema.

Nikanakili. Urefu, upana, lita za oili, nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi. Siku moja nilithubutu kubisha.

"Babu, kitabu cha kiwanda kinasema Kaka ameinuka sentimita ishirini kutoka chini. Wewe umeandika kumi na saba."

"Hizo ishirini zao, alikuwemo nani ndani?"

"Hawajasema."

"Basi hawakupima gari, walipima picha yake. Mimi nilipakia watu watano na magunia mawili. Andika kumi na saba."

Ukurasa uliofuata ulikuwa bado wa Kaka. *Sakafu ya nyuma, viti vikilazwa, hadi mgongo wa kiti cha mbele: sm 152. Kiti cha abiria kikisukumwa mbele hadi mwisho: sm 174.* Pembeni aliongeza kwa wino mwingine: *Nimelala mwenyewe. Nimeenea.*

"Ulilala ndani ya gari la mteja?"

"Nilivua viatu," akajibu, kana kwamba hilo ndilo nililouliza.

Nilinakili ukurasa huo asubuhi ya siku ninayotaka kuisimulia. Mjomba na mafundi wote wawili walikuwa wameitwa mbali, gari la mteja limeingia mtaroni. Gereji tulibaki mimi, Babu, na mteja mmoja, mama anayeoka na kusambaza mikate kwa Kaka wake mwekundu. Alikuja kuuliza juu ya mlio wa breki, akaambiwa asubiri, akakaa kwenye benchi anapepea miguu kwa kipande cha boksi. Mimi namwita Mama Mikate. Sikuwahi kumwita hivyo mbele yake.

Babu alikuwa amepiga magoti kando ya Mtoto, futi mkononi, anapima nafasi ya chini kwa mara ya tatu.

"Andika," akasema.

Nikashika kalamu, nikasubiri namba. Namba haikuja. Nilipogeuka alikuwa amelala ubavu sakafuni, na futi ilikuwa bado inajivuta yenyewe kurudi kwenye kopo lake.

Nilimshika shingoni kama tulivyofundishwa shuleni katika huduma ya kwanza, somo ambalo nililifanyia mzaha kwa kujifunga bandeji usoni. Mapigo yalikuwepo. Yalipiga mawili, yakaacha. Yakapiga moja, yakaacha kwa muda ambao ningeweza kutaja vizazi vyote vinne. Nikampigia Mjomba.

"Mjomba, Babu amezimika."

"Amezimikia wapi?"

"Hapa hapa gereji, kando ya Mtoto."

"Alikuwa anatembea au amesimama?"

"Alikuwa amepiga magoti."

"Jeki imeteleza hiyo. Nilisema ile jeki haifai."

"Hapana, Mjomba. Anapiga, anaacha, anapiga, anaacha."

"Basi ni plagi. Mwache apoe, usimguse mpaka nifike."

"Mjomba, nasema Babu wa kweli."

Sasa, pale gereji, Babu wa kweli ni yule ambaye bado ana injini aliyozaliwa nayo. Nilikuwa nalijua hilo vizuri, maana nimelinakili mara kumi na moja.

"Hao ndio wasumbufu," Mjomba akasema. "Injini haijawahi kubadilishwa, utategemea nini?"

"Mjomba, ni baba yako."

"Baba au Babu? Amua, mpwa wangu. Mmoja ana mnyororo, mwingine ana mkanda. Na kama haya ni ya jeki kutoroka, leo niko kwenye tope hadi magotini, utanisamehe."

Nilitafuta neno. Katika ukoo wetu wote, kila jina lilikuwa na magurudumu. Babu, Baba, Kaka, Mtoto. Hata Shangazi, ambaye ni mashine ya kujazia upepo. Jina moja tu Mjomba alikataa lisipewe chuma chochote, kwa sababu mwenye jina hilo alifariki kabla sijazaliwa, na hakutaka siku moja amsikie fundi akisema anavuja.

"Ni mume wa Bibi," nikasema. "Mjomba, aliyelala hapa ni mume wa Bibi."

Nilisikia kitu cha chuma kikianguka upande wa pili.

"Anapumua?" Sauti yake ilikuwa imekuwa ya mtoto.

"Anapumua."

"Tuko mbali. Saa nzima, labda na zaidi. Nani yuko hapo mwenye gari linalotembea?"

Nikageuka kumtafuta Mama Mikate kwenye benchi, hayupo. Yeye si mtu wa gereji, lugha yetu haijui. Aliposikia "Babu amezimika" alielewa kwamba babu amezimika. Wakati mimi na Mjomba tunajadiliana kuhusu plagi, yeye alikuwa amefungua mlango wa nyuma wa Kaka wake na anashusha kreti za mikate. Zingine alizishusha kwa kuzitupa. Mikate ya asubuhi, bado ina joto, ilikuwa inabingirika kwenye sakafu yenye oili.

"Njoo ushike miguu," akasema.

"Mama, mikate yako."

"Mkate nitakanda mwingine kesho. Mtu hakandwi upya. Shika miguu."

Nikashika miguu. Sikujua Babu ni mwepesi kiasi kile. Viti vya nyuma vya gari lile vilikuwa vimelazwa siku zote kwa ajili ya kreti, kwa hiyo tulimwingiza kichwa mbele, polepole, Mama Mikate akiwa amemkumbatia kifuani. Kisha mlango ukakataa kufunga. Nyayo zake zilikuwa nje.

"Tumkunje magoti," Mama Mikate akasema. "Au tuache mlango wazi, umshikilie."

Ningependa kusema nilifikiri. Sikufikiri. Mkono ulikumbuka wenyewe, kwa sababu saa mbili kabla ulikuwa umeiandika ile namba ukiwa umenuna. Nilizunguka hadi mlango wa mbele, nikaingiza mkono chini ya kiti cha abiria, nikavuta wenzo na kukisukuma kiti mbele hadi kikagonga. Tukamsogeza Babu. Mlango ukafunga.

"Ameenea," nikasema.

"Panda," Mama Mikate akasema.

Aliendesha kwa namna ambayo watoto wa shule hawapaswi kuisifu. Mimi nilijibana kando ya Babu, nimepiga magoti juu ya makombo, nimemshika mkono. Ule mlio wa breki aliokuja kuuliza tuliusikia kwenye kila kona.

"Mwongeleshe," akaniambia kupitia kioo. "Asiende mbali."

"Nimwambie nini?"

"Anachokipenda. Wewe ndiye unayemjua."

Nikafungua kinywa, na kilichotoka ni Kitabu cha Vipimo. Sikuwa na kingine. Nilianza kizazi cha kwanza: urefu, upana, ukubwa wa tangi, mkanda unabadilishwa kila kilomita laki moja. Nikaenda kizazi cha pili, mnyororo, oili lita nne na robo. Machozi yalikuwa yananiingia mdomoni nikawa natamka lita kama mlevi. Nilipofika kizazi cha tatu nilichanganya.

"Nafasi ya chini, sentimita ishirini," nikasema.

Midomo ya Babu ikasogea. Niliinama hadi sikio likamgusa.

"Kumi na saba," akasema.

"Anasemaje?" Mama Mikate akauliza.

"Amenisahihisha."

"Mungu ni mwema. Kosea tena."

Nikakosea tena, na tena, njia nzima hadi mlango wa hospitali. Sijawahi kukosea kwa bidii kama siku hiyo. Si kila kosa alilijibu. Kila alipojibu, Mama Mikate alipiga honi moja ndogo, ambayo sidhani kama magari mengine yaliielewa.

Daktari alisema moyo wenyewe haukuwa na tatizo la nguvu, ila ulikuwa umesahau mwendo wake. Unaruka mapigo, unasimama, ubongo unakosa damu. Alisema tumefika kwa wakati. Alisema pia, kwa upole, kwamba kama tungemwacha pale sakafuni kusubiri, pengine asingetusubiri. Mjomba ndiye aliyekuwa ameketi karibu, tope limemkauka hadi magotini. Aliposikia neno kusubiri aliinamisha kichwa.

"Nilisema aachwe apoe," akaniambia baadaye, tukiwa kwenye korido. "Mimi mwenyewe. Kwa mdomo huu."

"Mimi ndiye niliyekuzoesha kutoniamini, Mjomba."

"Hilo nalo kweli," akasema, akanivuta kichwa akakiegemeza begani kwake. Alinuka oili na tope. Tulikaa hivyo hadi muuguzi akatuomba tupishe kitanda.

Siku mbili baadaye walimwekea Babu kikopo kidogo chini ya ngozi ya kifua, chenye waya unaokwenda hadi moyoni, cha kuukumbusha upige. Daktari alikuja kutueleza. Babu alimsikiliza kwa makini akiwa ameegemea mito miwili.

"Hiki ni kizazi cha ngapi?" akauliza.

"Samahani, mzee?"

"Vilikuwepo vingine kabla yake. Hiki ni cha ngapi?"

Daktari akafikiri, akasema angeuliza.

"Uzito?"

"Gramu ishirini na tano hivi."

"Betri inakaa muda gani?"

"Kwa kawaida miaka kumi."

"Mmepima nyinyi, au ni maneno ya kiwanda?"

Daktari, mtu mwaminifu, akakiri kwamba ni maneno ya kiwanda. Babu akanigeukia. "Andika miaka kumi. Weka alama ya kuuliza."

Mjomba alicheka hadi akatoka nje. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu, akamwambia Babu habari ya plagi, yote, bila kujipunguzia.

"Kwa dalili zile," Babu akasema, "hata mimi ningesema plagi." Kisha akamwomba amnyooshee shuka.

Siku ya kurudi shuleni nilipitia kwa Mama Mikate, nimevaa sare na sweta la shule. Chumba chake cha kuokea ni kidogo, tanuri mbili na meza moja ndefu, na alikuwa katikati ya meza hiyo anakanda. Nilikuwa nimeandaa hotuba njia nzima, inayoanza "Kwa niaba ya ukoo wetu mzima, wenye roho na wenye magurudumu." Nilipomwona, ikanitoka kichwani yote.

"Anakula?" akauliza, mikono ikiendelea.

"Anakula. Anasema chumvi haitoshi."

"Akianza kulalamikia chumvi amepona."

"Mama," nikasema, "asante."

Nilikuwa nangoja mzaha uje nyuma ya neno hilo, kama unavyokuja siku zote. Nikangoja. Haukuja. Mama Mikate akaacha kukanda, akaja kunikumbatia huku ametanua mikono hewani asinichafue.

"Nina unga hadi viwikoni, mwanangu, na hiyo ni sare."

"Nishike tu," nikasema.

Akanishika. Nilirudi shuleni nikiwa na viganja viwili vyeupe mgongoni mwa sweta, na safari nzima ya basi, saa nne na dakika kumi kwa kipimo changu mwenyewe, sikuegemea kiti.