Kogi ya Harusi ya Inga

Mguu wangu wa kushoto una akili zake. Leo unaamka nami, kesho unabaki kitandani. Daktari alisema ni MS, ugonjwa unaotafuna mishipa ya fahamu, na nilipomuuliza mwakani ugonjwa huo utanifanya nini, akajibu kwamba hajui. Huku kwetu Orkney, visiwa vya kaskazini mwa Uskoti, wagonjwa wake ni wengi hata hatunyoosheani vidole; kila mtu ana shangazi au binamu mwenye mguu kama wangu. Ni mimi tu niliyejifanya sina.

Binti yangu Inga alipochumbiwa, nikatangaza kwamba kogi nitaibeba mwenyewe. Kogi ni ndoo ya mbao yenye mishikio miwili. Siku ya harusi hujazwa bia ya moto yenye wiski na sukari, na katika ukoo wetu mama ndiye huitoa jikoni, bi harusi akanywa kwanza, kisha ikazunguka ukumbi mzima. Bibi yangu aliibeba, mama yangu akaibeba. Sikuwa tayari kuwa wa kwanza kushindwa.

Wifi yangu Jessie alishauri tuijaze nusu. Nikamwambia nusu ni desturi ya kwao. Wiki tatu nzima nikafanya mazoezi zizini, kogi imejaa maji, ng'ombe wakinitazama. Nilianguka mara nne, na ng'ombe, tofauti na Jessie, hawakusema neno. Nikanunua na gauni refu linalofagia sakafu, lifiche chuma cha kunisaidia kutembea nilichofungwa mguuni. Nilijiona mjanja kweli.

Siku yenyewe nilipoamka niliupapasa mguu kwanza, kama kawaida. Ulikuwepo. Mchana nikapokea kogi imejaa hadi ukingoni, mvuke wa wiski ukinipanda puani, nikaingia ukumbini. Hatua kumi, hatua ishirini, wala tone. Inga alikuwa mbele yangu amenyoosha mikono, machozi yakimlengalenga, nami nikawaza: Thora, hata bibi yako hakutembea hivi.

Hapo nikavutwa kwa nyuma, nikaenda chini na kogi yangu. Bia ikamwogesha mchungaji kuanzia magoti kushuka chini.

Mume wangu Rognvald alikuwa amesimama juu ya gauni langu. Kumbe alininyatia tangu jikoni, mikono ameitanua, tayari kunidaka.

“Si mguu,” nikasema nikiwa sakafuni. “Ni Rognvald, amenikanyaga gauni.”

Wote wakaitikia kwa upole, ule upole wa kumwitikia mgonjwa. Sijawahi kusema kweli nikaaminiwa kidogo namna ile. Inga akapiga magoti kando yangu.

“Baba, kweli umemkanyaga?”

“Nimemkanyaga,” akasema, uso umemwiva. “Nilidhani anaanguka.”

“Umeanza lini kunifuata nyuma hivi?” nikamuuliza.

Akatazama viatu vyake. “Tangu ile siku ya daktari. Mwaka wa tisa huu. Wewe huwa hugeuki nyuma, Thora.”

Miaka tisa nimejisifu kwa majirani kwamba natembea peke yangu. Niliona aibu hadi masikioni, na nilimpenda mume wangu kuliko siku niliyoolewa naye.

Jessie akaleta kogi imejazwa tena, na hakuijaza nusu. Nikainuka, nikashika mshikio mmoja, wa pili nikamsogezea Rognvald.

“Shika,” nikamwambia. “Na leo utembee ubavuni, nione unapokanyaga.”