Diski Mapacha

Melkiory aliniita mshairi kila alipotaka kunidharau. Siku fundi Mutalemwa alipokuja kutoka Bukoba kutufungia kompyuta ya kuhariria video, aliniita hivyo mara kadhaa kabla chai haijapoa.

Studio yetu pale Kayanga ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la Melkiory, jenereta nje, pazia jekundu ukutani kwa wanaopigwa picha za pasipoti. Kompyuta ilinunuliwa Kampala, imeshatumika, na ndani yake mlikuwa na diski mbili.

"Niamulieni," Mutalemwa alisema, bisibisi mkononi. "Naweza kuziunganisha zikawa kama diski moja kubwa. Kazi inagawanywa, nusu huku, nusu kule, picha zinakimbia. Lakini moja ikifa, mmepoteza vyote. Au nizifanye mapacha. Kila kitu kinaandikwa kote kuwili. Moja ikifa, nyingine inayo. Ila mtapata nafasi ya diski moja tu."

"Unganisha," Melkiory alisema. "Huu ni msimu wa harusi. Picha zikikwamakwama watu wanakwenda kwa wengine."

"Mapacha," nikasema.

"Nani kakuuliza, mshairi? Diski hizi ni zako?"

Hazikuwa zangu. Lakini kanda ya video iliyokuwa kwenye kopo la majarini juu ya kabati ilikuwa yangu. Ndani yake alikuwamo baba yangu, Polikarpi wa Nyabiyonza, ameegemea ukuta, mkuki juu ya mapaja, anaghani majigambo yake tangu mwanzo hadi mwisho. Alikuwa mgonjwa, na mwezi haukuisha akafa. Kwetu majigambo ya mwanamume hayaandikwi. Siku ya kuanua matanga mrithi husimama mbele ya ukoo, mkuki wa baba mkononi, akaghani ya baba yake, kisha akaongeza ya kwake: nani alimzuia njia, naye alimfanya nini. Mrithi nilikuwa mimi.

Mwanzo niliujua, na mwisho pia, kama kila aliyewahi kukaa na baba kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi. Lakini zaidi ya mistari ya kuvuka mto, sehemu ya vita ya Kagera hakuisema kwenye pombe hata siku moja. Humo ndimo alimowataja vijana wa mgambo aliovuka nao mto na ambao hawakurudi. Aliyasema majina yao mara moja tu, mbele ya kamera yangu.

"Ukiunganisha, bosi, harusi zako uhariri mwenyewe," nikamwambia.

Hakujua kuhariri. Akanitazama, akatema mate nje ya dirisha. "Mfanyie mapacha wake," akamwambia fundi.

Mutalemwa alicheka. "Desturi ya mapacha mnaijua. Ukimnunulia huyu gauni, na yule umnunulie. Ukimnyoa huyu, na yule umemnyoa. Hizi nazo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo kanda zenu zitunzeni. Mapacha hawa wanazuia kifo cha diski, hawazuii mkono wa mtu."

Mimi nilimsikia. Melkiory alikuwa ameshatoka kwenda kuangalia jenereta.

Nilimwingiza baba kwenye kompyuta siku hiyo hiyo, nikairudisha kanda kwenye kopo. Kisha nilitumwa Nyakatuntu kupiga harusi. Niliporudi, kopo lilikuwa tupu. Kanda imo ndani ya kamera, na juu ya baba yangu imerekodiwa sherehe ya kipaimara.

"Kanda ziliisha," Melkiory alisema. "Baba yako si yumo kwenye kompyuta? Tena wawili. Wewe mwenyewe ulipiga kelele mapacha, mapacha. Sasa unalia nini?"

Nilifungua kompyuta. Alikuwepo, mkuki juu ya mapaja. Nikamwomba Melkiory kanda moja tupu nimrudishie humo. Akasema nisubiri, harusi ya mfanyabiashara mmoja kwanza. Nikasubiri. Hadi leo nikiikumbuka subira ile nasaga meno.

Wiki ya kuanua matanga nilifika asubuhi nijifunze sehemu ya vita. Kwenye kioo cha kompyuta alikuwapo bibi harusi wa huyo mfanyabiashara, anakata keki. Melkiory alikuwa anakula senene wa kukaanga kutoka kwenye gazeti.

"Baba yuko wapi?"

"Nafasi iliisha. Nimemfuta kwenye diski moja. Kuna ile ya pili."

"Ya pili ipi?"

"Si mapacha? Kakuru wa kwanza kaondoka, kabaki Kato wa pili." Akatafuna. "Mfungulie mwenyewe, wewe ndiye mtaalamu."

Nilikimbia posta nikampigia Mutalemwa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Baada ya kumfuta, mmeingiza kitu kingine?"

"Harusi. Imejaza diski nzima."

"Pole, Evaristi," akasema. "Umemnyoa mmoja, umewanyoa wote."

Nilirudi studio, nikamshika Melkiory ukosi wa shati, senene wakamwagika sakafuni.

"Jumamosi utakuja Nyabiyonza. Utamwambia mama yangu kwa mdomo wako."

"Niachie shati. Majigambo ni maneno, bwana mdogo. Wewe si mshairi? Tunga mengine. Nani atajua?"

Hilo liliniunguza kuliko kufutwa kwenyewe, kwa sababu ningeweza. Nilipanda baiskeli kwenda nyumbani, na kabla sijafika Nyabiyonza nilikuwa nimekwisha kutunga sehemu nzima ya vita. Majina nilikuwa nayo, ya kubuni, ya watu wasiopata kuishi. Mistari ilikaa vizuri mdomoni. Niliichukia, kama mtu anayejikuta amevaa koti la marehemu.

Jumamosi, siku ya kuanua matanga, Melkiory alikuja. Nadhani aliogopa nitamfuata dukani mbele ya wateja. Mama yangu, Kantengwa, alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Melkiory akamwamkia shikamoo, akaeleza, macho chini.

"Marahaba," mama alisema. "Umemfuta mume wangu ili apate nafasi nani?"

"Bibi harusi mmoja, mama."

"Mzuri?"

Mwanamke mmoja aliguna. Mama akamwonyesha pa kukaa, karibu na mlango.

Nilipewa mkuki. Nikasimama mbele ya ukoo, nikaanza:

*Mimi Asiyeulizwa-njia, niliyevuka mto umevimba,*
*bunduki begani, viatu shingoni;*
*wakauliza ng'ambo, nani yule? Maji yakawajibu.*
*Sikuvuka peke yangu. Nilivuka na...*

Hapo nikanyamaza.

Mistari yangu ilikuwapo, imejaa mdomoni. Baba mdogo Protase aliinama kwangu. "Endelea, mwanangu. Sema lolote, watu wanakungoja."

"Siwezi kusema lolote, baba."

Watu wakaanza kutazamana. Nilikumbuka jinsi kifua cha baba kilivyopanda na kushuka alipofika kwenye majina hayo, lakini majina yenyewe sikuyapata. Nikaendelea kusimama.

Nyuma, upande wa wanawake, alinyanyuka mama mzee aliyetoka Kiruruma. Nilimfahamu kwa jina tu, Mukabera. Alijishika kwenye bega la jirani yake.

"Fidele," alisema. "Wangu alikuwa Fidele. Alivuka na baba yako."

"Fidele," nikaghani. Sauti ilinikwaruza. "Nilivuka na Fidele wa Kiruruma."

Nikangoja wa pili. Baba alitaja wengi. Wazee walitazama ardhi, mmoja akatikisa kichwa. Hakuna aliyesema. Niliwaachia nafasi yao, kimya, kwa muda ambao baba angewataja, kisha nikaruka hadi mahali ninapopajua, nikamaliza.

"Sasa yako," Protase alisema.

Melkiory alikuwa bado karibu na mlango, kibuyu cha rubisi mikononi, hajakigusa. Alidhani yamekwisha, akaanza kunyanyuka aende zake. Nikauchomeka mkuki ardhini.

Katika majigambo mtu huwataja adui zake, na watoto wake na wajukuu wake huwataja baada yake. Nikaanza na jina la Melkiory.