Mwenyekiti Aliyeikalia Taarifa

Usiku wa jana, saa ambazo mtendaji wa kijiji hadaiwi kazi na mtu, niliota nimefika kazini nikakuta ofisi haina kuta. Sikushangaa. Mkutano mkuu ulikuwa umepitisha kwamba tufanye kazi kwa uwazi, na mafundi wetu hulitekeleza kila neno kama lilivyosemwa.

Nimekaa mezani, upepo unapekua mafaili, ndipo ugonjwa unaingia. Ni kikohozi kitupu, hakina mtu, kimevaa tai.

"Shikamoo, Bi Mtendaji," kinasema. "Naomba mahali pa kujificha. Siku kumi na nne tu."

"Marahaba. Hapa mgeni hutangazwa. Jina, ulikotoka, nyumba utakayolala na kila uliyemsalimia. Kisha tunapiga mbiu."

Kikatazama huku na huku, kikitafuta ukuta wa kuegemea. "Kijiji cha ng'ambo ya mto hawaniulizi maswali," kikasema kwa unyonge, kikaaga vizuri, kikaondoka.

Niliona fahari, nakiri. Kisha nikakumbuka kwamba ng'ambo ya mto ndiko alikoolewa mdogo wangu Nahoza, na zahanati ya kule haina muuguzi mwingine ila yeye.

Sikuvuka mto. Meza yangu ilikuwa tayari iko kule.

Mwenyekiti wao, Bwana Shekigenda, ameketi juu ya karatasi, ametulia kama kuku anayeatamia. Nahoza amesimama mbele yake, macho mekundu.

"Dada, ni taarifa yangu," akaniambia. "Nilimletea ikiwa na wagonjwa wawili, aipeleke wilayani tupate msaada. Ameikalia wiki ya tatu sasa."

"Sitaki taharuki," alisema Mwenyekiti.

Chini yake kitu kikapasuka, sauti ndogo kama ya ganda la yai. Likatoka jina, lina homa. Likatoka jingine. Yakashuka sakafuni, yakapita mlangoni yakikohoa, kila moja likaenda nyumbani kwake.

"Simama, Mwenyekiti," nikamwambia.

"Siwezi. Kiti kimenizoea."

"Mimi sijamzoea," kilisema kiti. "Ananiunguza. Lakini mimi ni wa wananchi. Wasiposema, siwezi kumwangusha."

Basi tukaitisha mkutano. Wakaja wote, wakakaa mbalimbali. Tulipoanza kupiga kura ya kumwinua Mwenyekiti, mkono wa serikali nao ukafika. Ni mrefu kweli, kama wanavyosema, na hauna mwili. Ukataka kupita mbele.

"Foleni inaanzia kwenye ndoo," Nahoza akauambia. "Nawa kwanza."

Ukanawa. Ilichukua muda, maana kiwiko kilikuwa bado barabarani. Kisha ukanyooka pamoja na mingine, nami nikauhesabu kama mkono mmoja.

Mikono ilitosha. Ikamwinua Mwenyekiti taratibu, bila kumvunjia heshima, ikamsimamisha pembeni. Akashika magoti yake.

"Nilidhani nikiifunika itapoa," alisema.

"Taarifa haipoi ikikaliwa, Mwenyekiti," Nahoza akamjibu.

Karatasi ilikuwa imelowa jasho, haisomeki. Nikachukua kalamu, Nahoza akanitajia majina mojamoja nami nikayaandika upya, mia moja arobaini na sita. Kila jina lililoandikwa homa yake ilishuka. Tulipobakiwa na moja, Nahoza akainyoosha karatasi kwa kiganja.

"La nani?" nikauliza.

"Langu. Liandike, dada. Uwazi si wa wengine tu."

Nikaliandika. Watu wote waliinuka bila kuambiwa, na hata ule mkono mrefu ukajikunja kwa adabu. Sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia mdogo wangu pale. Nikaibandika orodha kwenye ubao wa matangazo kwa pini nne, nikizikandamiza kwa kidole.

Nikaamka, kumekucha. Kidole gumba kilikuwa na tone la damu, na simu ilikuwa na ujumbe wa Nahoza.

"Shikamoo, dada. Nimekuta majina yamebandikwa kwenye ubao wetu, na watu wamejipanga zahanati wanataka kupimwa. Mwenyekiti mwenyewe yumo kwenye foleni. Jina langu ni la mwisho. Mwandiko ni wako."

Nikamjibu, "Marahaba. Jipime wewe kwanza. Kisha uwasomee kwa sauti, wapo wasiojua kusoma."