Tai wa Lübeck Atobolewa

Theophil Mushi, muuza makoti wa Arusha, alikuwa na heshima zake zote mpaka asubuhi ile alipofungua kopo la vifungo katika chumba cha hoteli mtaani Xiaobei, Guangzhou, alikokuja kushonesha makoti, akakuta tai wake hayupo.

Tai huyo mwenye vichwa viwili alichorwa kwenye sarafu ya fedha ya mji wa Lübeck, yenye umri wa miaka zaidi ya mia. Sarafu ya Hamburg, yenye ngome, Theophil alikuwa nayo. Ya Bremen, yenye ufunguo, alikuwa nayo. Hii ya kukamilisha miji mitatu ya wafanyabiashara wa Kijerumani aliisaka miaka minne, na alipoipata hakuthubutu hata kuipangusa vumbi, maana sarafu kongwe ikikwaruzwa tu, imeharibika.

"Mama Goodness! Kilichokuwa humu kiko wapi?"

"Kile kifungo?" Melania, mkewe, aliendelea kujifunga kilemba. "Nilimpelekea laobani, yule bosi wa karakana, jana kule Shahe. Si ulisema ni sampuli?"

Kweli alisema. Mkewe alimfumania akiitazama sarafu kwa mahaba, na yeye, aliyekwisha kuapa kanisani kwamba hatanunua tena vyuma vya Wajerumani, akajitetea kwamba ni sampuli ya kifungo. Na sampuli, Guangzhou nzima inajua, hupelekwa kwa fundi.

Walipofika karakanani, laobani, mama mwenye futi shingoni, aliwafunulia koti kwa fahari. Tai alikaa kifuani, amesuguliwa mpaka anameremeta kama sufuria mpya. Alikuwa na matundu mawili, moja kila kichwa.

"Mmemtoboa!" Theophil alifoka. "Huu ni unyama! Vita kuu mbili zimempita bila mkwaruzo, leo aje auawe na mashine ya vifungo!"

"Baba Goodness, unamfokea mama wa watu kwa ajili ya kifungo?"

"Si kifungo! Ni sarafu ya Lübeck!"

Mafundi wakainua vichwa kutoka kwenye cherehani.

"Ahaa," Melania alisema polepole. "Na mimi jana nimesimama hapa saa nzima, nabembeleza vichongwe vifungo vingine kama hicho, namsifu mume wangu ana jicho la biashara! Hebu niambie, hapa aliyetobolewa ni nani?"

"Lakini mke wangu, vichwa vyote viwili..."

"Koma!"

Akalivaa koti lile zito, ingawa joto la nje lilitosha kuivisha ndizi, akalifunga kwa kile kifungo cha tai na kutoka. Theophil akamfuata mbio, bado anafura kwa hasira, akimsihi asije akamkwaruza tai ukutani.