Pembe za Ukucha

Muindi wa Kalama hakuwa na mke tangu mwaka wa ukame. Hakuwa na ng'ombe, wala meno ya mbele. Hakuwa na mgongo wa kumfikisha kwenye vidole vya miguu yake, na kwa ajili ya ugonjwa wa sukari, vidole hivyo havikuwa tena na hisia.

Kazi ya kucha ilikuwa ya bintiye, Kavutha. Muindi alimpa jina la mama yake mzazi, kama desturi yetu sisi Wakamba, na tangu binti akiwa mchanga alimwita mwaitu, yaani mama. Kila alipokuja kutoka mji wa Mlolongo, alikoolewa, Kavutha alimkalisha babake juani, akauweka mguu pajani na kuzikata kucha kwa wembe, fupi, za mviringo, akizichimba pembe hadi nyamani.

"Tulia, mwanangu," alikuwa akimtania, zamani uchungu ulipokuwepo. "Hata mtoto wa nasari halii hivi."

Mtu havuti mguu wake kutoka mikononi mwa mama. Muindi alinyamaza, na sukari ilipokula hisia, kunyamaza kukawa rahisi.

Mwaka huu ukucha wa kidole gumba uliota kuelekea ndani, ukapasua nyama. Hakujua mpaka soksi iliponata kwa usaha. Hospitalini, muuguzi Loise hakumficha: nyama ilikuwa imekufa hadi kifundoni, na kesho mguu ungekatwa chini ya goti. Akamweleza ilivyotakiwa. Ukucha hukatwa ukiwa umenyooka, usiwe mfupi kuliko ncha ya kidole, na pembe zake hazichimbwi.

Muindi aliomba karatasi. Wesley, mume wa Kavutha, naye alikuwa na sukari, na aliyemkata kucha alikuwa Kavutha yuleyule. Simu hakuitaka, sauti yake ingemsaliti. Aliandika maneno yote ya muuguzi. Kuhusu mguu hakuandika neno.

Nduguye Kimeu, aliyekuja kumwona, aliisoma barua akairudisha.

"Usipomwambia sababu, atacheka na kuendelea na wembe wake. Unamjua."

Muindi alimjua. Alikaa na kalamu mpaka chai ya wodini ikapoa, kisha akaongeza chini: *Mwaitu, kesho nakatwa mguu. Ulianza na ukucha. Mwokoe Wesley.*

Akailamba bahasha, akaifunga, akamkabidhi Kimeu aipeleke Mlolongo siku hiyohiyo.