Nafasi ya Chunya

Saa kumi jioni, siku ya pili tangu shule ifunguliwe, kitanda kilicho juu ya kile cha Shufaa Abdulkarim kilikuwa bado hakina mtu. Wasichana wengine wa bweni la Kidato cha Kwanza walikwishatandika na sasa walikuwa wakiulizana walikotoka. Shufaa naye aliulizwa. Kila mara alijibu "Chunya," na kila mara aliyeuliza alitaka kujua kama ameiona dhahabu kwa macho yake.

Ilikuwa shule ya serikali ya wasichana wenye vipaji maalumu. Ilijengwa juu ya mteremko, Iringa, na kutoka dirishani malori ya barabara kuu yalionekana yakipunguza mwendo kule chini, Ipogolo. Baridi ilikuwa imeanza kuingia ndani. Matroni Paskalina alisukuma mlango kwa kiwiko, akasalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, wanangu. Kuna mgeni kutoka Mbeya. Mpisheni."

Mgeni aliingia akiburuta tranka, akanyanyua uso, akasimama.

"Shufaa? Ee! We si ulikwenda kuchimba dhahabu?"

Alikuwa Amna Muharami. Walisoma pamoja Mbalizi, Mbeya, tangu darasa la kwanza mpaka la tano, na katika miaka hiyo yote Amna hakuwahi kumpita Shufaa kwenye mtihani hata mmoja. Darasa zima lilijua hivyo, na Amna mwenyewe alikuwa akilitania jambo hilo.

"Umetokea wapi?" Shufaa aliuliza.

"Nitokee wapi tena? Mbalizi palepale. Tumechukuliwa wawili, mwenzangu anakuja kesho." Amna alitupa godoro juu ya kitanda, Shufaa akalisukuma kwa chini. "Mwalimu mkuu alisema ungekuwepo ungetuburuza wote. Bahati yetu ulihama! Mimi hata sare sikuwa nimeulizia bei."

Shufaa alicheka kwa sababu Amna alikuwa akicheka.

Baba yake, Abdulkarim, aliuza spea za pikipiki Mbalizi, na alikuwa mtu wa hesabu. Mteja wake mmoja aliyefanya kazi kwenye mambo ya elimu alimweleza jinsi mambo yalivyo: nafasi za shule hizi hugawanywa kwa halmashauri, na mtoto hulinganishwa na wenzake wa pale alipofanyia mtihani. Upande wa Mbeya kulikuwa na shule za kulipia ambako watoto huamshwa alfajiri kusoma. Chunya kulikuwa na nafasi moja ya msichana, lakini washindani walikuwa wachache. Hakuna kanuni iliyomzuia mtoto kuishi na shangazi yake. Kabla ya darasa la sita Shufaa alipelekwa Makongolosi, huko Chunya, kwa shangazi Mwanakhamisi, muuza vitenge. Mama alilia, kisha akapanga nguo kwenye begi.

"Wakikuuliza, umekuja kumsaidia shangazi," baba alimwambia. "Basi."

Makongolosi makarasha yalisaga mawe ya dhahabu mchana kutwa, na vumbi lake lilitua mpaka kwenye madaftari. Darasani alimkuta Tumpe, aliyekuwa wa kwanza tangu aanze shule. Mwalimu aliwakalisha dawati moja. Shufaa alitegemea kuchukiwa. Tumpe alichungulia jibu lake la hesabu, akalilinganisha na la kwake, akasema, "Afadhali. Humu nilikuwa naongea peke yangu."

Tangu siku hiyo walisoma pamoja, wakabishana pamoja, wakafukuzwa pamoja kwenye kibaraza cha shangazi kwa kelele. Tumpe alimuuliza mara moja tu kilichomleta.

"Kumsaidia shangazi."

"Wewe? Hata ugali unakushinda!" Tumpe alicheka mpaka akashika mbavu, na hakuuliza tena.

Matokeo yalipotoka wote wawili walikuwa na A masomo yote, ila jumla ya Shufaa ilikuwa juu kidogo. Nafasi ya Chunya ikawa yake. Tumpe alipangiwa sekondari ya kata, ya kutwa. Siku ya safari alimbebea ndoo kichwani mpaka stendi. "Ukifika huko usijifanye mzungu," alisema, na Shufaa akapanda basi.

Jumatatu, baada ya vipindi, Shufaa alikwenda ofisi ya taaluma. Mwalimu Eliezeri alikuwa akiingiza majina kwenye kompyuta.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

"Mwalimu, mtu akiacha nafasi yake, inakwenda kwa nani?"

"Nani anataka kuacha?"

"Nauliza tu."

"Hakuna mtu anayepanda mpaka huku kuuliza tu."

Shufaa akamweleza yote, kwa utaratibu, kuanzia mteja wa spea. Alipomaliza, mwalimu aligeukia kompyuta na kusoma.

"Alama zako zimewazidi wote wawili wa kutoka kwenu, Amna na mwenzake," alisema. "Ungebaki Mbalizi ungechaguliwa kutoka Mbalizi. Mmoja wao angebaki nyumbani, na nafasi ya Chunya ingekwenda kwa huyo rafiki yako, kama ndiye aliyekufuata. Wewe ungekuwa hapahapa ulipo."

"Tumpe ndiye aliyenifuata."

"Basi ndivyo."

"Nikiondoka, ataitwa?"

"Hapana. Nafasi ikiachwa inarudi wizarani, wanaijaza na mtoto wa popote kwenye uchaguzi wa pili. Ukishafika hapa, haiitwi tena nafasi ya Chunya." Alivua miwani. "Baba yako hakuvunja kanuni yoyote, Shufaa."

"Najua, mwalimu."

"Sasa wewe unataka nini?"

"Nataka Tumpe aje."

Mwalimu Eliezeri alitazama miwani aliyoishika. "Hilo siwezi," alisema. "Rudi darasani, kuna prepo."

Usiku Amna alining'iniza kichwa kutoka kitanda cha juu na kumhadithia habari za Mbalizi: nani kahama, duka lipi limefungwa, mwalimu gani kaoa. Katika bweni lile ni yeye peke yake aliyelijua jina la mama yake Shufaa. Shufaa aliitikia kila alipotakiwa kuitikia. Hakukuwa na namna ya kumwambia Amna jambo hili bila kumwambia pia kwamba labda amekalia kitanda cha mtu, na Amna hakuwa na kosa. Alimwacha aongee mpaka akapitiwa na usingizi.

Jumapili baada ya chakula cha mchana wasichana walipanga foleni kwa matroni kupiga simu nyumbani. Zamu yake ilipofika Shufaa alimpigia baba.

"Enhe, mwanafunzi! Hesabu ya baba yako imekubali, au vipi?"

"Baba, Amna Muharami yuko hapa."

"Amna yupi? Wa yule muuza mchele?"

"Ndiyo. Katokea Mbalizi. Alama zangu zimemzidi."

Dukani mtu aligonga chuma, kisha akaacha. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ningebaki nyumbani ningefika hapahapa."

"Hayo tunayajua leo. Mimi nilitakiwa niyajue wakati ule. Ungebaki halafu ukakosa, ungemlaumu nani?"

Shufaa alilijua jibu. Angemlaumu yeye.

"Soma, mwanangu. Mama yako anakusalimia sana."

"Baba, naomba niongee na mama."

"Katoka kidogo. Wiki ijayo."

Matroni alinyoosha mkono. "Moja tu, matroni, fupi," Shufaa alisema, akapiga namba ya Mama Tumpe. Alipokea Tumpe mwenyewe, huku nyuma karasha likinguruma.

"Mzungu! Umetukumbuka?"

Shufaa alimwambia pale pale, kabla hajapata muda wa kupanga maneno: kwa nini alihamia Makongolosi, Amna ni nani, mwalimu wa taaluma alisema nini. Karasha liliendelea kunguruma.

"Kwa hiyo hukuja kumsaidia shangazi," Tumpe alisema.

"Hapana."

"Muda wote ule."

"Nisamehe, Tumpe. Nimemuuliza mwalimu kama naweza kuirudisha nafasi, kasema haiwezekani."

"Sasa we Shufaa, unaniambia ili mimi nifanye nini?"

Nyuma ya Shufaa foleni ilianza kunung'unika.

"Nina sare ya kufua," Tumpe alisema. "Na mama anataka simu yake." Ikakatika.

Jumapili iliyofuata aliongea na mama yake, kisha akapiga Makongolosi. Simu iliita mpaka ikakata yenyewe. Jumapili ya tatu Mama Tumpe alipokea. Aliuliza habari za Iringa, akauliza kuhusu baridi, akauliza kama wanashiba. Shufaa alijibu yote, kisha akaomba kuongea na Tumpe.

"Tumpe yuko shule, mwanangu," Mama Tumpe alisema.

Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana, na sekondari ile ilikuwa ya kutwa.

"Haya, mama. Asante," Shufaa alisema. Akarudisha simu, na matroni akamwita msichana aliyefuata.